Tarumbeta Kitini

Haya, wapenzi wasomaji, nipeni jibu la haraka kabla hamjageuza ukurasa: mara ya mwisho kusoma uhakiki wa kundi la tarumbeta ilikuwa lini? Dansi tunalihakiki. Taarabu tunaihakiki mpaka mafumbo yenyewe yanaona aibu. Bongo Fleva ndiyo usiseme, kila mwenye simu ni mhakiki. Lakini tarumbeta, yaani wale jamaa wa mashati ya sare wanaopanda nyuma ya kirikuu Jumamosi mchana na kuisimamisha Msimbazi nzima kwa ajili ya bibi harusi mmoja, hao hawana mhakiki. Wana wateja, wana wapita njia, wana makondakta wa daladala wanaowatukana. Basi leo wamempata mhakiki, na wasije wakajuta.

Kazi yenyewe ilipigwa Desemba 2023, Jumapili moja ya kuelekea Krismasi, kwenye ukumbi mdogo wa ghorofani jirani na Mnazi Mmoja. Kundi ni la mtaani kwetu: vijana kumi na wawili, wazee wawili. Jina lao silitaji, na si kwa kuogopa mtu. Hawa wanakula kwa kuitwa harusini, na mimi sitaki neno langu moja kali limpunguzie mtu unga ndani. Wenyewe wakisoma watajijua. Mlangoni palibandikwa karatasi: Muziki wa Sinema za Sikukuu. Kiingilio elfu tano, soda ndani ya bei. Ndani, viti vya plastiki, wapigaji wamekaa nusu duara, na mbele ya kila mmoja karatasi za noti zimebanwa kwa vibanio vya nguo zisipeperushwe na feni.

Vibanio vile ndivyo vilivyoanza kunitia wasiwasi.

Lakini nianze na sifa, maana zipo. Wazo lenyewe ni bomba. Mtu asiyeijua Dar atadhani muziki wa sinema za sikukuu ni kitu cha kuagizwa Ulaya pamoja na ile miti ya plastiki na theluji ya pamba inayouzwa Mtaa wa Congo kila mwisho wa mwaka. Hapana bwana. Katika mji huu sikukuu na sinema zilikuwa mtu na nduguye. Waulize wazazi wako, na kama hawapo waulize wa jirani: Idd ilikuwa nguo mpya, pilau, halafu picha. Wenye majumba walikuwa wakiiwekea siku hiyo picha nzuri ya Kihindi, na foleni ikizunguka jengo. Avalon ya Mtaa wa Zanaki, Empress ya Samora, Empire, Odeon, New Chox. Mtaje mzee mmoja majina hayo uone atakavyonyamaza kidogo kabla hajakujibu. Wenye magari walikwenda Drive-in ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Leo kwenye kiwanja kile upo ubalozi wa Marekani, kwa hiyo picha za Kimarekani ziliondoka na Wamarekani wenyewe wakaja.

Na watu hawakutoka ukumbini na hadithi tu. Walitoka na nyimbo. Asubuhi ya Idd mosi unaona stelingi anaimba, Idd pili wimbo uko jikoni, wiki inayofuata kuna mtu kaupachika maneno ya Kiswahili, na kabla mwaka haujaisha uko harusini. Muziki wa picha ulitufikia hivyo, kwa miguu.

Kwa hiyo walipoigawa jioni yao mafungu mawili, la kwanza Krismasi na la pili Idd, nilipiga makofi hata kabla hawajapuliza. Sikuona pale siasa ya kuonyesha kwamba tunapendana. Niliona kalenda yao ya kazi. Mpiga tarumbeta wa Kariakoo anaishi kwa kalenda ya dini mbili hata kama yeye mwenyewe ana moja. Shaabani hapumui, maana kila mwenye binti anataka aozeshe kabla ya mfungo. Ramadhani ikiingia, harusi zinakatika, naye anafunga kwa maana zote mbili. Kwaresima nayo ina ukame wake upande wa pili. Mfungo mosi anafufuka. Desemba anapiga mpaka midomo inavimba. Ni nani mwingine hapa mjini anayezijua sikukuu zote kwa njaa yake mwenyewe?

Sasa lawama.

Walianza na muziki wa Home Alone, ile picha ya 1990 ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani, wazazi wakapanda ndege kwenda Ufaransa. Mtunzi wa muziki wake ni John Williams. Televisheni ilianza huku bara mwaka 1994, na sisi tuliokulia kwenye seti ya jirani tumeiona picha hii mpaka tunajua mwizi yupi atateleza wapi. Mle kwenye picha muziki huo una kengele ndogondogo na sauti za watoto. Ni muziki wa usiku, mwepesi, wenye baridi na ujanja ndani yake. Tarumbeta nne zikaushika kwa pamoja, safi kabisa, hakuna aliyekosea noti. Kila mtu macho kwenye karatasi, mabega yamepanda masikioni, mguu umekufa. Nikawatazama wasikilizaji. Mama mmoja anajipepea kwa tiketi. Vijana wawili wako kwenye simu. Mtoto kalala. Ulikuwa muziki sahihi kama hesabu ya duka.

Nilikaa pale nikitafuta ugonjwa uko wapi, kwa sababu hawa hawa nimewasikia Gerezani wakiwafanya watu wazima wavue viatu. Nadhani nimeupata.

Muziki wa picha ni muziki wa kufuata. Mtunzi anaonyeshwa picha kwanza. Anaambiwa hapa mwizi anaanguka, hapa mama analia, hapa tunataka sekunde tatu za kimya. Anashona nguo kwenye mwili wa mtu mwingine. Ukiivua nguo hiyo na kuitundika ukutani inaweza ikabaki nzuri, lakini mikono inaning'inia. Sasa, tarumbeta la Kariakoo nalo ni muziki wa kufuata. Linamfuata bibi harusi. Mpigaji hodari hatazami karatasi, anatazama mlango wa gari. Mguu ukitoka, anapandisha. Mama mkwe akianza kucheza, anarudia pale pale mara sita. Wakwe wakichelewa, anavuta. Mtu akitoa elfu kumi, anamgeukia huyo peke yake na kumpulizia usoni kama vile hakuna mwingine duniani. Kwa hiyo mle ukumbini tulikuwa na yatima wawili: muziki uliopoteza picha yake, na wapigaji waliopoteza bibi harusi wao. Yatima hawezi kumlea yatima mwenzake.

Wimbo wa pili ulikuwa White Christmas wa Irving Berlin, uliojulikana kwa picha ya Holiday Inn ya mwaka 1942, Bing Crosby akiimba. Hapa nina neno na mpangaji wa muziki. Wimbo huu una ubeti wa mwanzo ambao waimbaji wengi huuruka. Ndani yake mwimbaji yuko Los Angeles, mkesha wa Krismasi, jua linawaka, majani ni kijani, mitende inayumba. Ndiyo maana anaota theluji! Yaani, ndugu zangu, wimbo wa theluji unaojulikana kuliko yote duniani umeanzia kwenye jua, na kinywani mwa mtu wa kwenye joto. Sasa mfikirie mtu wa Kariakoo, Desemba, shati limegandamana na mgongo, feni mbili zinasukumana hewa ile ile ya moto. Nani ana haki na wimbo huo kuliko yeye? Lakini walivyoupiga, ungedhani wamezaliwa kwenye barafu: polepole, laini, kwa adabu ya wageni. Walichukua theluji wakaacha jua. Vijana mnaoandika, na najua mko wengi mnaosoma hapa, mtu akitaka kuazima kitu cha watu na akisome mpaka chini. Mara nyingi kile kinachotuhusu sisi kiko kwenye ubeti walioukata.

Halafu ukaja ule wimbo wa The Sound of Music, picha ya 1965, unaotaja vitu anavyovipenda mtu. Huo nao una kisa. Kwenye picha hauna uhusiano wowote na Krismasi. Unaimbwa usiku wa radi, kuwatuliza watoto wenye hofu. Wamarekani ndio walioupeleka kwenye Krismasi, pengine kwa sababu umetaja vifurushi na baridi. Na hata kabla picha haijatoka, wimbo ukiwa bado wa jukwaani tu, John Coltrane aliuchukua mwaka 1960 na saksafoni yake akaupeleka mahali ambapo hata mwenyewe aliyeutunga asingeuota. Namtaja Coltrane kwa sababu. Katika kundi hili yupo binti wa saksafoni, hajafika miaka ishirini na mitano kwa kumtazama. Ulipofika ubeti wa tatu, yule binti alianza kutoka kwenye karatasi. Kidogo tu: akachelewesha mwisho wa sauti, akaurudia, akauzungusha. Yule mama mwenye tiketi akaacha kujipepea. Mwongozaji akageuza shingo, akamtazama. Binti akarudi kwenye karatasi.

Hiyo ndiyo dakika mbaya kuliko zote jioni ile, na hakuna noti iliyokosewa.

Ninajua watakavyonijibu. Watasema: wewe unataka tubaki kwenye kirikuu milele? Wenzetu Uingereza wana bendi za shaba za wafanyakazi wa migodi, wanakaa kwenye viti, wanapiga kwa noti, wanashindania vikombe, wanaheshimiwa. Sisi tukikaa tunaambiwa turudi barabarani tukavute moshi. Hoja hiyo ina uzito na siipigi teke. Mtu anayekodishwa na watu waliokunywa, anayelipwa nusu na kuambiwa nyingine njoo Jumatatu, ana haki ya kutamani kiti na kiingilio na watu wanaonyamaza. Isitoshe wapo wapiga shaba wa makanisa ya Kilutheri ambao wanasoma noti tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani na wanapiga vizuri wakiwa wamesimama kimya kama nguzo. Kusoma noti si dhambi. Ninachouliza ni kwa nini kujifunza kukaa kulimaanisha kusahau kutembea.

Maana shaba katika mji huu ina miguu toka zamani. Kariakoo yenyewe imepata jina kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza walioweka kambi hapa baada ya Dar es Salaam kutekwa Septemba 1916. Na vita ile ile ndiyo iliyolisambaza beni, ngoma iliyokuwa imeanza mwambao wa Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Askari na wapagazi walilibeba kila walikopita. Hapa Dar walikuwapo Marini na Arinoti, hao wakijiona wa juu na hao wa chini, wana sare, wana vyeo vya kijeshi walivyojitunukia wenyewe, wana majigambo yasiyokwisha, wanaandamana mtaa kwa mtaa kutafuta nani kafunika. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya hayo mwaka 1975, na jambo moja lililo wazi mle ni kwamba beni halikuwa kasuku wa gwaride la mzungu. Watu walichukua umbo la gwaride wakalijaza ugomvi wao, mashairi yao, umbea wao. Walioliona kuwa ni maigizo tu walikuwa wamesimama mbali.

Na kabla ya beni na baada yake, Wazaramo wana mdundiko. Nani hapa hajawahi kusikia tangazo la mtoto kapotea, kafuata mdundiko? Anatoka Ilala na matako yanacheza, akija kuzinduka yuko Buguruni. Mtoto hapotezwi na muziki wa kukaa.

Basi tukanywa soda.

Fungu la pili lilifunguliwa baada ya Magharibi, kwa muziki wa The Message, picha ya Moustapha Akkad ya 1976 ambayo nyumba nyingi hapa zinaijua kwa kanda, na wengine kwa jina la Ar-Risala. Muziki ni wa Maurice Jarre, yule yule wa Lawrence of Arabia. Na hapa, nikiri kwa furaha, kundi lilinivurugia nadharia yangu. Katika picha hiyo Mtume Muhammad (S.A.W.) haonekani, wala sauti yake haisikiki. Watu wanaongea naye wakitutazama sisi, na kuwapo kwake kunaashiriwa na muziki mwororo tu. Maana yake pale muziki haufuati picha. Umekaa mahali ambapo picha haiwezi kukaa. Wale wazee wawili, mmoja wa tarumbeta na mmoja wa lile besi kubwa la shaba, walianza peke yao, chini sana, vijana wameshusha vyombo magotini. Hakuna aliyejipepea. Muziki ule uliweza kukaa kitini kwa sababu tangu mwanzo ulitungwa kwa ajili ya kitu kisichoonekana. Ukiniuliza mimi, dakika zile tano peke yake zilikuwa na thamani ya elfu tano yangu, na chenji ningewaachia.

Halafu umeme ukakatika.

Desemba ile ilikuwa ya mgao, mnaikumbuka wenyewe. Feni zikasimama, giza likaingia, karatasi zote zenye vibanio zikawa si kitu. Mwongozaji akaomba tuvumilie jenereta. Tukavumilia. Jenereta likakohoa mara tatu likanyamaza. Joto likapanda. Sijui nani alianza, nadhani ni tromboni, maana ndiyo iliyosikika kwanza gizani: Awaara. Ule wimbo wa Raj Kapoor, picha ya 1951, muziki wa Shankar na Jaikishan, unaojulikana na kila bibi aliyewahi kuwa binti katika mji huu. Ngoma ndogo ikaingia chini yake. Mama mwenye tiketi akapiga kigelegele kimoja kirefu, na hapo mambo yakawa mambo. Mtu mmoja akawasha simu, akamfuata binti wa saksafoni na kumbandika noti ya elfu mbili kipajini, jasho likaishika. Mle ukumbini, kwenye fungu la kwanza, hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kutunza! Watu walikuwa wameshika pesa mapajani kama wanafunzi wenye jibu wasioitwa.

Wakasimama. Wakashuka ngazi wakipiga, sisi nyuma. Barabarani walikuwapo wauza mihogo na taa zao za betri, wapiga debe, watoto wa chuo na juzuu zao kwapani. Disco Dancer ya 1982 ikafuata, ile ya Mithun, muziki wa Bappi Lahiri, na hapo hata dereva wa bodaboda aliyekuwa anatutukana akaanza kupiga honi kwa mahadhi. Tukaingia Mtaa wa Sikukuu (jina lipo, sikulitunga mimi), tukaenda mpaka kwenye mabati ya ujenzi yaliyozunguka soko kuu tangu lilipoungua Julai 2021. Shaba ikapiga kwenye mabati ikaturudia, wakaipenda sauti ile, wakasimama hapo hapo kuchezea mwangwi. Na hapo, bila kuombwa, wakarudia Home Alone. Safari hii ilikuwa na ujanja. Tarumbeta moja inachungulia, nyingine inakimbia, besi linaanguka kama mwizi aliyekanyaga vigololi. Watoto wakacheka mahali panapotakiwa kuchekwa. Binti wa saksafoni akatoka kwenye wimbo akaenda zake, na safari hii mwongozaji alikuwa anacheza, hakumwona.

Sasa nigeukie rafiki yangu mmoja, mshairi, ambaye nilimsimulia haya kijiweni akanikatisha kwa neno moja: kopi. Anasema harusi za Kihindi, Krismasi za Kizungu, ya kwetu iko wapi? Swali hili tunaulizana sana sisi tunaoandika, na mara nyingi anayeuliza ni yule ambaye kwenye daftari lake ana shairi huru lenye theluji. Nilimjibu kwa vitabu kwa kuwa ndiyo lugha yake. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, kisa chake kinatoka kwenye Alfu Lela Ulela. Umewahi kumsikia mtu akisema Shaaban alikopi? Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare mwaka 1969, yule mfanyabiashara wa Venisi aligeuka akawa Mabepari wa Venisi, na katika neno hilo moja la jalada una Azimio la Arusha zima. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alichukua mahadhi ya picha za Kihindi akayavika Kiswahili cha watu wazima, na wapo waliolalamika, na wapo waliolia machozi. Mimi ni wa hao wa pili.

Rafiki yangu akasema hao ni wakubwa. Nikamwambia na tarumbeta ni kubwa, wewe ndiye uliyekaa chini.

Ila kuna dai moja la rafiki yangu nalikubali, na ndilo ninalolipeleka kwa kundi. Kwenye karatasi ya mlangoni yalikuwapo majina ya picha tu. Hakukuwa na Williams, wala Berlin, wala Jarre, wala Shankar na Jaikishan. Na, ubaya zaidi, hakukuwa na jina la yule aliyekaa usiku na simu na hedifoni, akasikiliza muziki wa watu mia moja, akaugawa kwa watu kumi na wanne, akauandika kwa mkono. Niliuliza, nikaonyeshwa: ni yule mzee wa besi. Kazi ya miezi mitatu, na karatasini hayupo. Sisi tunapigania jina letu likikosewa herufi moja kwenye gazeti la ukutani, na huyu bwana katoa mashairi saba ya shaba bila saini. Waandike majina. Wino ni uleule.

Na wampe binti wa saksafoni nafasi yake, mbili tatu kila wimbo, ukumbini na barabarani. Viti wanaweza kubaki navyo kwa ajili ya The Message.

Nilirudi wiki mbili baadaye, siku wanayofanyia mazoezi, kumtafuta yule kijana wa tromboni aliyeanzisha wimbo gizani. Nilitaka kujua kaiona wapi Awaara, kijana wa umri ule, maana majumba yenyewe yamefungwa kabla hajajua kusoma. Akaniambia hajawahi kuiona picha hiyo wala hajui kama kuna picha. Nikamweleza: 1951, Raj Kapoor, Bombay. Alinisikiliza kwa heshima, huku akipangusa chombo chake kwa kitambaa, akinitazama kama mtu anayetaka kumuuzia saa ya mkononi.

“Kaka,” akasema, “huo wimbo ni wa Gerezani. Babu yangu ndiye aliyekuwa akiupiga.”